Mgonjwa wa pumu kaunganishwa mashine, presha ikaporomoka: naomba kueleweshwa

Intern_wa_Mkoa
Wakuu habari za usiku. Mimi ni intern, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, nina miezi minne tu kwenye hospitali ya mkoa, na kuna jambo la juzi halijanitoka kichwani mpaka sasa. Tulipokea mama wa miaka thelathini na kitu, pumu anayo tangu utotoni, kaja kabanwa hasa, ameinamia mbele kashika ukingo wa kitanda, anaongea neno moja moja, oksijeni kwenye damu asilimia 84. Tukamwekea oksijeni, nebulaiza (dawa ya kuvuta kama mvuke) ya salbutamoli na ipratropiamu za kufungua njia za hewa tukarudia rudia, haidrokotisoni ya mshipa mg 100 ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, magnesiamu ya mshipa gramu 2 kwa dakika 20. Kama saa moja hivi akatulia, ule mluzi kifuani ukaisha, mimi nikafurahi nikajua dawa imekubali, kumbe mama wa watu ndo anaishiwa nguvu, akaanza kusinzia tukakimbia naye ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Huko akawekewa mrija wa kooni, akaunganishwa mashine ya kupumulia, na kwa sababu kabonidayoksaidi ilikuwa juu sana kasi ya mashine ikapandishwa mpaka 24 kwa dakika. Dakika chache tu presha ikawa 60/30. Tukamwaga maji ya mshipa, tukampa adrenalini ya kupandisha presha, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Bado yuko kwenye mashine. Simtafuti wa kumlaumu ila nataka kujua nini kilitokea maana kesho anaweza kuja mwingine na mimi nikawa peke yangu.

Dkt_Usingizi
Pole sana daktari, na umefanya vizuri kuuliza. Naanza na kile kifua kilichonyamaza. Mluzi unatokea pale hewa inapojipenyeza kwenye njia nyembamba, sasa hewa ikiacha kupita kabisa utausikia kutoka wapi? Mgonjwa wa pumu aliyekuwa anahangaika halafu ghafla kimya na macho mazito, huyo ndo wa kumwogopa kuliko wote. Na vilevile ukipima damu ukakuta kabonidayoksaidi "ya kawaida" kwa mtu anayepumua mbio mbio usishangilie, ilitakiwa iwe chini, ikiwa ya kawaida maana yake anachoka.

Sasa mashine. Kwenye pumu kuingiza hewa si shida kubwa, shida ni kuitoa, inatoka taratibu mno. Piga hesabu, mara 24 kwa dakika ni sekunde 2.5 kwa kila pumzi, hapo toa muda wa kuvuta, anabakiwa na sekunde moja na kitu za kutoa hewa ambayo inahitaji nne au tano. Ya kwanza haijaisha ya pili inaingia, ya tatu inaingia juu yake, kifua kinajaa kama mpira, kinaminya ile mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, moyo unakosa cha kusukuma. Presha lazima iporomoke. Maji na adrenalini vinasaidia kidogo lakini hewa bado imejaa mle ndani ndo maana ikashuka tena.

Ikitokea hivyo mkono wako wa kwanza uende kwenye mrija, uchomoe kwenye mashine (mrija wenyewe ubaki kooni), mwache atoe hewa hata nusu dakika, mtu mmoja amminye kifua pande zote mbili taratibu. Presha ikipanda umeshapata jibu. Isipopanda fikiria pafu limetoboka hewa imevujia pembeni, sikiliza pande zote mbili, usingoje eksirei kama unaona anakata roho.

Ukirudisha mashine weka kasi 8 mpaka 10, ujazo wa kila pumzi ml 6 hadi 8 kwa kilo (kilo za kukadiria kwa urefu wake, si za mzani), muda wa kutoa uwe mrefu mara nne au tano ya kuvuta. Ndiyo, kabonidayoksaidi itabaki juu. Iache. pH, kile kipimo cha asidi kwenye damu, ikiwa 7.2 huko mtu mzima wa pumu anavumilia vizuri tu, kinachomuua haraka ni ile hewa iliyonasa. Na angalia ule mchoro wa mtiririko kwenye skrini, mstari wa kutoa hewa usipogusa sifuri kabla ya pumzi inayofuata jua bado inanasa.

Nesi_ICU
Asante Dkt, umeeleza vizuri mno. Mdogo wangu naongeza ya kwetu ya kitandani. Nebulaiza haiachwi eti kwa sababu mgonjwa ana mrija, inaendelea kupitia mirija ya mashine. Potasiamu pimeni mara kwa mara, salbutamoli nyingi inaishusha. Na usingizi uwe wa kutosha maana akishtuka akaanza kushindana na mashine hewa inanasa upya, sisi dawa ya usingizi ya ketamini tunaipenda kwa hawa, inalegeza njia za hewa na haishushi presha kirahisi kama nyingine.

Intern_wa_Mkoa
Shikamoo dada, nashukuru, na wewe Dkt. Aminofilini je, ile dawa nyingine ya kufungua njia za hewa? Wakubwa wengine wanaitaka kwenye dripu.

Dkt_Usingizi
Mimi siiweki. Dozi inayosaidia na inayodhuru zimekaribiana sana, kutapika, moyo kwenda ovyo, degedege, na kama salbutamoli ameshapata ya kutosha haimwongezei kitu cha maana.

Mama_Pumu
Jamani mimi si wa afya ila nilishalala kwenye hiyo mashine siku sita. Nilikuwa natumia inhela ya bluu, ile ya salbutamoli ya kufungua kifua, peke yake miaka na miaka, nikibanwa napuliza naendelea na biashara, hakuna aliyeniambia kwamba kule ndani uvimbe unaendelea. Sasa natumia yenye steroidi kila siku hata nikiwa mzima. Daktari tafadhali huyo mama asitoke wodini na ya bluu tu. Na mkiwa pale kitandani ongeeni naye, mimi kuna sauti nilizisikia.

Intern_wa_Mkoa
Nimetoka ICU sasa hivi. Kasi tumeishusha iko 10, presha 108/64 adrenalini imepunguzwa, mstari kwenye skrini karibu unagusa sifuri, nilisimama pale kama dakika kumi nauangalia tu. Mumewe alikuwa nje amekaa kwenye benchi tangu jana. Nimempitisha ndani, nimemwambia amwite kwa jina.