Naomba ushauri: kupanda Ol Doinyo Lengai usiku na kuwahi jua kileleni

Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane mimi na mdogo wangu wa kike tunataka kupanda Ol Doinyo Lengai, kule Ziwa Natron. Najua watu huanza usiku wa manane ili wakwepe joto na wafike juu kunapopambazuka. Giza halinitishi, wasiwasi wangu ni kushuka. Mlima umesimama kama ukuta, chini ni majivu na kokoto zinazoteleza, na goti la kushoto la mdogo wangu huvimba akitembea sana kwenye mteremko. Fimbo mbili zinasaidia kweli, au nimwambie abaki Engare Sero, kijiji cha karibu na mlima?

Mliofika karibuni, waongozaji wanawaruhusu msogee umbali gani na ukingo wa kreta (shimo la kileleni)? Volkano hii ililipuka kwa nguvu 2007 na bado iko hai, sitaki tuhatarishe maisha kwa ajili ya picha. Na maji je, lita ngapi kwa mtu? Huko juu hakuna pa kuchota.

Anayemfahamu muongozaji wa pale kijijini asiyeona haya kuwarudisha wageni hali ikibadilika, tafadhali anielekeze.