Watoto wa Panya Road: je, mzazi asiulizwe?

Mkazi wa Mbagala

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Tangu ile taharuki ya Januari 2015, watu wa Dar es Salaam walipofunga maduka na kukimbilia majumbani kwa kusikia kwamba Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, wanakuja, na hata waliporudi tena mwaka 2022 wakiingia nyumba za watu usiku kwa mapanga, majibu tunayopewa ni yale yale: doria ziongezwe, taa ziwekwe, vijana wapewe ajira. Sipingi hata moja kati ya hayo. Ninachosikitikia ni kwamba katika mjadala wote huo nyumba alikotoka kijana haitajwi, kana kwamba mtoto wa miaka 15 aliota barabarani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja katika kifungu cha 9 wajibu wa mzazi wa kumlinda na kumwongoza mwanawe, na katika kifungu cha 15 inamtaja mtoto mwenyewe, kwamba anao wajibu wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa na kuitumikia jamii yake. Haki za mtoto tumezisikia sana, na ni vyema. Hicho kifungu cha 15 sijapata kukisikia kikisomwa katika mkutano wowote wa mtaa wetu. Swali langu ni hili: mtoto akikamatwa na panga, je, ni haki mzazi naye aitwe aulizwe, na kama ni haki, aulizwe na nani?

Mwenyekiti Mstaafu, Temeke

Mzee mwenzangu, ni haki, na zaidi ya hapo, aulizwe kabla mtoto hajafika kwenye panga. Niliwahi kuingia nyumba moja kwa shauri dogo la uzio, nikakuta kijana wa darasa la saba ana simu tatu juu ya kitanda, na pembeni runinga imefunikwa khanga. Bibi yake akaniambia kwa furaha kwamba mjukuu amejaliwa riziki. Yule bibi hakuwa mwizi, wala hakuwa mjinga. Alichagua kutouliza, kwa sababu jibu lingeondoa mchele jikoni. Huko ndiko uhalifu unakolelewa, na hakuna askari anayeweza kufika hapo mapema kuliko mlezi.

Zamani swali hilo lingeulizwa na balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kila kundi la nyumba kumi. Utaratibu ule ulianzishwa na TANU, chama tawala cha wakati ule, miaka ya 1960, na balozi alijua mgeni wa nani kalala wapi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mabalozi wakabaki kuwa watu wa CCM, mrithi wa TANU, na jirani wa chama kingine akaona hana sababu ya kumfungulia mlango. Mwenyekiti wa mtaa anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano anabeba maelfu ya watu, na akimkemea mtoto wa mpiga kura anajua gharama yake. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeubeba mzigo huo.

Mama wa Watatu, Manzese

Shikamooni wazee wangu. Nakubaliana nanyi kuhusu wajibu, na mimi mwenyewe mwanangu akileta kitu nisichokijua hakilali ndani. Lakini tazameni nani ataitwa. Baba wa watoto wangu hajulikani aliko. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini na narudi usiku. Mkisema mzazi ashtakiwe, atakayesimama mbele ya hakimu ni mama au bibi, na baba aliyekimbia majukumu ataendelea kuitwa mwanamume huko alikohamia. Kama tunataka uwajibikaji, tuanze na matunzo ya mtoto, ambayo sheria hiyo hiyo ya 2009 inayadai, na ambayo akina mama wengi huyakatia tamaa kwa kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Jambo la pili ni hawa wanaonunua. Simu ya wizi haina thamani mpaka apatikane mtu mzima, mwenye kazi na heshima zake, wa kuinunua kwa nusu ya bei bila kudai risiti. Huyo naye aulizwe.

Mwanakisauni, Mombasa

Huku kwetu tumeonja mateso hayo hayo ya vijana wa mapanga. Kenya iliuchukua mfano wenu wa nyumba kumi mwaka 2013, mwaka wa shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lakini mitaani wengi waliuona kama mpango wa kupeleka majina kwa polisi, na anayejulikana kuwa mpeleka majina huwa roho mkononi. Majirani hawakubali wajibu wasiolindwa wanapoutekeleza.

Mzaliwa wa Kahama

Naomba tahadhari moja. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianza kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na wizi ulipungua kweli. Lakini palikuwa na waliopigwa na kuuawa kwa tuhuma tupu. Mimi ni mtu wa kushika mila, na ndiyo maana nakataa kuyaita mauaji hayo mila. Wazee walimkalisha mtuhumiwa chini wakamsikiliza na ukoo wake ukilipa fidia. Anayemchoma kibaka kwa tairi naye ni mhalifu, na naye amekimbia wajibu wake.

Mkazi wa Mbagala

Mwanangu wa Manzese, hoja yako ya akina baba imenigusa, na naipokea. Basi nitalipeleka pendekezo mtaani kwetu hivi: mtoto akionekana na mali isiyoeleweka, mtendaji wa mtaa na ofisa ustawi wa jamii wawaite wazazi wote wawili, baba akiwa mbali atafutwe kwa barua kupitia mtendaji wa huko aliko, na aliyetoa taarifa jina lake lisiandikwe popote. Mwenyekiti Mstaafu, kwa uzoefu wako, je, ofisa ustawi wa kata atakubali kuja usiku, wakati wazazi wako nyumbani?

Mwenyekiti Mstaafu, Temeke

Usiku hatakuja. Jumapili asubuhi, kama mkutano ukiombwa kwa barua yenye muhuri wa mtaa, wangu alikuwa akija.