Land Cruiser FJ40 inawaka nikipiga stata, nikiachia ufunguo inazima

Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri, nipo Moshi.

Nina FJ40 ya petroli ya mwaka 1978, aliyoniachia marehemu baba. Nikipiga stata inashika vizuri kabisa. Nikiachia tu ufunguo urudi kwenye "on", inazima papo hapo. Betri nzima, plagi mpya, platini (swichi ndogo inayoamua wakati wa cheche) nimesafisha.

Ninavyoelewa, wakati wa stata koili (inayopandisha volti za kutoa cheche kwenye plagi) inapewa volti kamili za betri kwa waya wa pembeni. Ukiachia, umeme unapitia ile rezista (kifaa cha kupunguza umeme) iliyofungwa kando ya koili ili isichemke. Nimepima kwa mita ufunguo ukiwa "on": kuingia kwenye rezista volti 12, kutoka sifuri. Nadhani imekatika.

Fundi wa hapa anataka kuiruka kwa waya wa moja kwa moja. Naogopa ataniunguzia koili na platini, na gari hii naipenda mno.

Je, nitafute rezista ya ohm ngapi? Au nifunge koili yenye rezista ndani? Nikifanya hivyo, ule waya wa pembeni niufanyeje? Arusha naweza kufika Jumamosi kama kuna fundi umeme anayezijua hizi.