Kwa nini wanafunzi wengi wa sekondari hulichukia somo la hisabati?

Mama Duka (Morogoro):
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yangu anasoma kidato cha pili katika shule ya kata. Alipokuwa shule ya msingi alifanya vizuri katika hisabati, lakini tangu aingie sekondari alama zake zimeporomoka, na sasa anasema kwamba somo hilo ni la wenye vipaji na yeye hamo. Linalonishangaza ni kwamba Jumamosi hunisaidia dukani, na mteja akitaka trei mbili na nusu za mayai kwa shilingi 350 kila yai, hunitajia shilingi 26,250 kabla sijashika kalkuleta. Mtoto wa namna hii anashindwaje darasani? Naomba maoni, hasa ya walimu.

Mwalimu wa Hisabati:
Pole, mama. Mtoto anayepiga hesabu hiyo kichwani hana upungufu wa akili. Kwa wanafunzi ninaowafundisha, tatizo huanzia kwenye sehemu. Ukiwapa wa kidato cha kwanza swali la kujumlisha 1/2 na 1/3, wengi huandika 2/5, yaani wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ukiwauliza iwapo 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo, wananyamaza, kwa sababu walikaririshwa hatua za kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) bila kuonyeshwa kwamba sehemu nayo ni namba yenye ukubwa wake. Inapofika aljebra na kuwataka wajumlishe x/2 na x/3, hawana pa kushika. Aliyekosa mada moja ya historia anaweza kuifahamu inayofuata, lakini aliyekosa sehemu atakutana nazo tena katika uwiano, asilimia, mteremko wa mstari na hata nadharia ya uwezekano. Mwanafunzi anayeshindwa kila wiki mbele ya wenzake, na wakati mwingine akachapwa kwa kukosa, atalichukia somo hilo, nami siwezi kumlaumu.

Mdau wa Elimu, Tanga:
Nakubaliana na Mwalimu, ila suala la lugha lisiachwe. Katika shule za msingi za serikali mtoto hujifunza hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha kidato cha kwanza kila kitu hugeuka Kiingereza. Swali la mafumbo ambalo angelitatua kwa dakika mbili linamshinda kabla hajafikia namba zenyewe, na mwalimu huona ukurasa mtupu akadhani mtoto hajui kukokotoa. Tena tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa mwaka 2016, jambo ambalo ninaliunga mkono kwa moyo wote, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu mwenye madaftari mengi mno ya kusahihisha huishia kuangalia jibu tu. Hatua ambayo mtoto alipotea haionwi na mtu.

Mama Duka (Morogoro):
Nawashukuru sana. Mwalimu, tuanzie wapi, ikizingatiwa kwamba mwishoni mwa mwaka ana mtihani wa upimaji?

Mwalimu wa Hisabati:
Msianze na karatasi za mitihani iliyopita, ingawa wengi watawashauri hivyo, kwa kuwa zitamthibitishia tu kwamba hawezi. Tafuteni vitabu vya darasa la tano na la sita, mrudie sehemu na desimali, kisha namba hasi, na kila swali alieleze kwa mdomo kwa Kiswahili kabla ya kuliandika kwa Kiingereza. Nusu saa kila jioni yatosha. Akikosa, mwambie akuonyeshe hatua zote alizopitia, hata kama wewe mwenyewe hukusoma mada hiyo, kwani mara nyingi anapoeleza hugundua mwenyewe alipoteleza. Aljebra aiguse baada ya hapo.