Mrejesho: maji yaliyokuwa yanagoma kutakata mvua ikinyesha

Wakuu, narudi kuhusu lile swali langu la mtambo wa maji, niliuliza kwa nini mvua zikianza mto unakuja na tope na hata tukiongeza shabu (dawa ya kukusanya tope lizame) mabonge ya tope hayashiki, chujio nazo zinaziba mapema. Mliosema nipime kwanza alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH, yaani kipimo cha uasidi, isishuke) Mungu awabariki, tatizo lilikuwa hapo hapo.

Iko hivi, mvua inazimua alkalini ya mto, halafu kila miligramu 1 ya shabu inakula kama nusu miligramu ya hiyo iliyobaki, kwahiyo ukizidisha dozi pH inaporomoka na shabu inapoteza nguvu, yenyewe inapenda pH ya 6 mpaka 7 hivi. Tukajaza maji ya mto kwenye bika (vikombe vya maabara), kila moja dozi yake ya shabu, na ile iliyotangulizwa chokaa kidogo ndo ikatoa mabonge makubwa yanayozama fasta, tena kwa shabu pungufu. Sasa rangi ya mto ikibadilika tu nataka bika mezani, sikubali mtu akisie dozi.

Kilichonifurahisha zaidi ni klorini, maana tope huwa linaficha vijidudu klorini isivifikie. Sasa maji yanatoka kwenye chujio chini ya NTU 1 (kipimo cha utope wa maji), na baada ya dakika 30 klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) bado iko 0.5 mg/l.

Kilichobaki ni bomba la chokaa kuganda ndani, mnaotumia chokaa mnalisafishaje bila kusimamisha mtambo?