Saa naiweka wapi kwenye Z?

kijana_likoni: Wadau, naandika programu ya geti la kupaki magari, sensa ikiona gari chuma kinachoshuka kisimame ndani ya milisekunde 200, lekchara ataka niieleze kwa Z (ile lugha ya kihesabu ya kueleza programu yafaa ifanye nini), seti nimeziweza lakini huo muda sioni pa kuuweka

dada_kodi: Z yenyewe haina saa mdogo wangu. Ongeza kigeu "sasa" na kingine "kuonwa" (wakati gari lilipoonwa), useme chuma kikisimama, sasa − kuonwa ≤ 200.

yakhe_kongowea: Mi ningetumia UPPAAL, programu ya kukagua mifumo yenye muda, wachora hali za mfumo na saa zake, halafu yenyewe yapekua njia zote. Makosa ya muda si mchezo, 1997 chombo cha NASA Pathfinder kule Mars kilikuwa chajiwasha upya, kisa kazi yenye kipaumbele kikubwa kwenye programu yake yangoja kufuli lililoshikwa na kazi yenye kipaumbele kidogo!

kijana_likoni: Wallahi mi nilikuwa nimeandika "haraka" tu, nikazungushiwa wino mwekundu 😂