Marekani: mfungwa asiye na wakili anatupwa nje kwa hesabu ya siku, kesi yake haisomwi

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu amefungwa katika gereza la jimbo moja huko Marekani. Wakili aliyepewa na mahakama hakumwita shahidi aliyekuwa naye usiku wa tukio. Rufaa ya kwanza ikagonga mwamba, na wakili akaishia hapo, maana baada ya rufaa hiyo katiba yao haimlazimishi mtu kukupa wakili. Unataka habeas corpus, yaani mahakama ya shirikisho ichunguze kama umefungwa kihalali? Andika mwenyewe.

Akaandika. Kwa mkono, kurasa 41.

Sasa oneni mtego ulivyotegwa. Sheria aliyoisaini Clinton Aprili 1996 inampa mfungwa mwaka mmoja tangu hukumu iwe ya mwisho. Lakini kabla ya kugusa mahakama ya shirikisho ni lazima azimalize mahakama za jimbo. Ombi likiwa jimboni, saa inasimama. Inasimama tu, hairudi mwanzo! Mdogo wangu anafika jimboni, miezi tisa imeshaliwa. Wakamkalia na faili miaka miwili, kisha wakamkatalia. Yeye akajua mwaka wake ndio kwanza unaanza, kumbe amebakiwa na miezi mitatu. Angeambiwa na nani? Maktaba ya sheria anaingia saa mbili kwa wiki, na ndani ya hiyo miezi mitatu gereza lilifungiwa majuma matatu, hakuna kutoka selo. Ombi lake la shirikisho liliondoka mwezi wa tano tangu jimbo limkatalie.

Jibu: kurasa mbili. Nimeisoma karatasi ile mpaka imelegea kwenye mikunjo. Tarehe zimejaa, siku zimejumlishwa vizuri, na yule shahidi hatajwi hata mara moja. Hawakusema hoja yake ni dhaifu. Hawakuigusa kabisa. Kutojua sheria si udhuru, ndivyo walivyoandika, kumwandikia mtu ambaye hakumaliza sekondari.

Na msiniambie angekuwa makini zaidi. Ohio, mwaka 2004, jaji alimfungulia upya mfungwa aitwaye Bowles muda wa kukata rufaa ya habeas uliokuwa umeshapita, akampa siku 17, wakati kwa muda wa kufunguliwa upya kanuni inatoa 14. Rufaa ikapelekwa ndani ya siku alizopewa na jaji. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, kura 5 kwa 4, ikasema amechelewa. Jaji ndiye aliyekosea kuhesabu, mfungwa ndiye aliyefungiwa mlango. Sasa kama jaji mwenyewe anapotea humo, mtu mwenye kalamu na saa mbili za maktaba atapenyaje?

Kurudi na ombi la pili nako ni hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ikupe ruhusa, na ikikunyima, huna pa kukata rufaa.

Kilichobaki ni kupinga uamuzi huu. Hapo napo unahitaji kibali, vinginevyo rufaa haisikilizwi, na taarifa ya rufaa ina siku 30. Barua ilimfikia siku ya 12 tangu uamuzi utoke. Leo ni ya 19. Kama kuna aliyepitia njia hii na ndugu yake, au anayejua chuo cha sheria ambacho wanafunzi wake wanasaidia wafungwa kuandika maombi haya, naomba aniandikie leo.